Figa la Bi Somoe

Tangu nistaafu, vijana wa ofisini wananipigia simu karibu kila wiki. Mama, jalada la mitambo ya jua liko kabati gani? Mama, yule mhandisi wa Dodoma bado anatumia namba ile ile? Nawajibu, maana kustaafu si kufa. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali ninalotaka kuulizwa: ni siku gani kazini niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Nimesubiri vya kutosha. Nitajibu bila kuulizwa.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Mtunda, binti wa mkulima wa mihogo na korosho. Kwa miaka mingi nilikuwa mratibu wa nishati wilayani. Ukisikia cheo hicho utadhani nilikuwa nawasha na kuzima umeme wa watu. Hata balbu ya nyumbani kwangu anabadilisha mume wangu. Kazi yangu ilikuwa ya maneno. Dodoma wanatunga sera: wananchi waache kuni na mkaa, wapikie nishati safi, na kule ambako nguzo haziwezi kusimama kwenye tope wapate umeme wa jua. Kibaha, mkoani, wanaipokea sera na kuisimamia. Kibiti tunaitekeleza. Na mwisho wa yote kuna mama amechutama anapuliza moto, machozi yanamtoka kwa moshi, wala hana habari kwamba ofisi tatu zinamjadili. Mratibu anatakiwa ahakikishe kilichosemwa Dodoma kimemfikia yule mama, na alichosema yule mama kimefika Dodoma. La kwanza ni rahisi, maana lina barua na mihuri. La pili ndilo lililonizeesha.

Nianze na makosa madogo, ili mkifika kwenye kubwa muwe mmenizoea.

Mwaka wangu wa kwanza mkoa ulileta barua: wageni kutoka wizarani watakutana na wananchi wa Salale, kata ya delta, mto unapoingia baharini, siku fulani, saa nne asubuhi. Nikagonga muhuri, nikaipeleka kama ilivyo. Siku ilipofika tukapanda boti, na katikati ya mlango wa mto boti ikakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Mkurugenzi mmoja alikuwa amevaa viatu vya kung'aa. Tulikaa hapo mpaka saa nane mchana tukigawana karanga za nahodha wetu, Bakari, mtu mpole ambaye hakusema neno mpaka maji yaliporudi.

"Mama Zuhura," akaniambia, "barua hii kaiandika mtu wa nchi kavu. Leo bamvua, bahari inajaa sana na kupwa sana. Saa nne za bamvua maji huku hayapo, yamekwenda zao."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Barua ina muhuri, mie nani?"

Tangu siku hiyo sikupanga tarehe ya delta bila kumuuliza Bakari mwezi uko wapi. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Mkiweza, pelekeni wageni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Ikibidi iwe bamvua, waondoke alfajiri. Na mtu aliyekaa kimya mbele ya muhuri msidhani amekubali.

Halafu kuna mitungi ya gesi ya Maparoni, huko huko delta. Iligawiwa kwa sherehe, ngoma zikapigwa, picha zikapigwa, nami nikaandika taarifa tamu mpaka mkoani wakaisoma kwenye kikao. Nilipopita tena baada ya miezi michache, mtungi wa nyumba ya kwanza ulikuwa umefunikwa kitambaa cha kufuma, umekaliwa na bibi. Nyumba ya pili ulikuwa unazuia mlango usipigwe na upepo. Gesi ilikwisha, na kuijaza ni mpaka Kibiti, na hakuna nahodha mwenye akili anayebeba mtungi pembeni ya dumu la petroli huku abiria wanavuta sigara. Hilo hakuna aliyeliwaza, nami nikiwa wa kwanza. Ilibidi tutafute wakala mwenye boti yake, awe anapeleka mizigo hiyo tu. Fomu ya Dodoma ilikuwa na kisanduku cha mitungi iliyogawiwa. Nikachora cha pili kwa kalamu: mitungi iliyojazwa tena. Mwanzoni walidhani nimechafua fomu yao.

Sasa nimtaje mwalimu wangu. Mzee Kilindo alikuwa masijala mkoani, mtunza majalada, kofia yake ya kitambaa haikutoka kichwani hata kiyoyozi kikiwa kikali. Wasomi walimpita bila salamu. Mimi nilimsalimia kwa sababu alifanana na baba mdogo, na salamu ile ilinilipa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba barua haiendi kwa miguu yake: ukiituma, piga simu useme imetoka, ikifika, piga simu useme isomwe. Alinifundisha kutazama nakala amepewa nani na nani kaachwa, maana aliyeachwa ndiye atakayekwamisha. Na alikuwa na chuki moja kubwa maishani, aliyoielekeza kwenye neno changamoto. Kwa nini, mtaona.

Haya. Mkandaani.

Mkandaani ni kitongoji cha upande wa Salale, nyumba kama hamsini, zimezungukwa na mikoko pande tatu na mashamba ya mpunga upande wa nne. Wizara ilitaka orodha ya vitongoji vya delta vitakavyojengewa mitambo midogo ya umeme wa jua. Sharti lilikuwa moja, nalo la haki: yawe makazi ya kudumu, si kambi ya msimu. Nikapewa kishikwambi chenye fomu ndani yake, na orodha ya vitongoji vya kupitia, na muda mfupi. Kwa kila nyumba swali la kwanza lilikuwa: Je, nyumba inakaliwa? Ndiyo, Hapana. Unagusa kwa kidole, unapita.

Nilifika asubuhi, maji yamejaa. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa.

Kwa mtu wa delta, hapo ningekuwa nimeshamaliza kueleza. Mpunga ukianza kukomaa, familia inahamia shambani yote, inakaa juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti, wakifukuza ndege mchana na nguruwe jua likishuka, mpaka mavuno yaishe. Wavuvi nao wako kwenye kambi zao, dago. Kitongojini hubaki wazee, wagonjwa na mzazi mchanga. Sisi wa Mtunda shamba liko nyuma ya nyumba. Unalinda huku umebandika chungu. Neno dungu nililijua, nimelisikia tangu utotoni. Sikulikutanisha tu na milango niliyokuwa naiona.

Milango ilikuwa imefungwa kwa ugwe wa ukindu, mmoja baada ya mwingine. Nagonga, hodi, kimya. Nagusa Hapana. Nyumba ya pili, Hapana. Nilimkuta bibi mmoja anatwanga, nikamsalimia, nikamuuliza watu wako wapi.

"Wapo," akasema. "Wako mpunga."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika wako mpunga. Nikamshukuru, nikaendelea kugusa Hapana. Ilipofika saa sita Bakari akaniita kutoka kwenye boti kwamba maji yanakupwa, tutalala hapa. Nikazimaliza zile za mwisho kwa mbio. Kishikwambi kikajumlisha chenyewe, kikaniandikia: makazi ya msimu. Nami nikaona mashine imesema. Nikatia jina langu chini.

Orodha ikapita wilayani, ikapita mkoani, ikapokelewa Dodoma. Nikapongezwa kwa kuwahi.

Baada ya miezi kadhaa zikaja barua mbili, wiki moja. Ya kwanza ilitaja vitongoji vitakavyopata umeme; Mkandaani haimo. Ya pili ilitoka kwa watu wa misitu: kuanzia kiangazi kijacho ni marufuku kukata kuni za mikoko katika kata nzima, kwa kuwa umeme unafika. Kata nzima, Mkandaani imo. Barua zote mbili zilipita mezani kwangu. Zote nilizipiga muhuri, nikazitia kwenye majalada mawili tofauti, moja la kijani na moja la kahawia. Kuzilaza barua mbili meza moja na kuzisoma pamoja ndiyo kazi hasa niliyoajiriwa kuifanya, wanangu, na siku hiyo sikuifanya. Nilikuwa na kikao.

Bi Somoe alikuja siku ya Jumatatu. Sikumjua. Mwanamke wa makamo, amenizidi kidogo umri, mwembamba, kanga zake safi, mkononi kikapu kizito kilichomlemea bega. Alipiga hodi, akakaribishwa, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Tukaulizana hali, nyumbani, watoto, safari. Alikuwa ameondoka kwao jana yake. Hayo yote aliyamaliza kwa adabu kamili. Kisha akainama, akatoa kitu kikapuni, akakiweka juu ya karatasi zangu.

Lilikuwa figa, limeungua kwa moto wa miaka, jeusi upande mmoja.

Mfahamu kwamba delta haina mawe. Ni udongo na tope mpaka baharini. Wenzetu wa huko mafiga wanayafinyanga kwa udongo wa kichuguu, wanayakausha, wanayachoma. Ni kazi. Bibi harusi hufinyangiwa na mama yake, na akihama huhama nayo.

"Wewe ndiye Bi Zuhura uliyekuja kwetu?" akauliza.

"Ndiye mimi."

"Uliandika nyumba yangu haina mtu."

Nikaanza kueleza habari za fomu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mwenzangu, mtu akihama kwetu anaondoka na mafiga yake. Akienda dunguni anayaacha, kule anapika juu ya madongoa tu. Nyumba yenye mafiga ina mwenyewe, hata mtoto mdogo anajua. Ulizunguka milango yetu yote. Jiko la nani ulichungulia?"

Majiko ya Mkandaani yako nyuma ya nyumba, vibanda vya makuti, hayana hata milango. Ningeinama tu. Mimi, mwanamke niliyelelewa na moshi wa jiko la Mtunda, afisa niliyelipwa kwa ajili ya majiko ya watu, nilizunguka kitongoji kizima sikuchungulia jiko hata moja.

Akanieleza shida yake. Yeye na wanawake wenzake hununua kamba kutoka kwa wavuvi, yaani wale kamba wa baharini. Kamba hangoji. Pasipo barafu lazima achemshwe na kukaushwa siku ile ile, na kuni za kumchemshia ni za mikoko, hakuna nyingine. Waliposikia umeme wa jua unakuja walipanga kununua majokofu kwa pamoja, wauze kamba mbichi, waachane na moshi. Sasa boti zenye vifaa vya umeme zimepita mbele ya Mkandaani zikielekea kitongoji cha pili.

"Kuni mnanikataza. Umeme mmeninyima. Kiangazi kikiingia kamba wangu nimchemshe na nini, na jua la Mungu?"

Nikamwambia nitashughulikia. Ndilo neno letu, nitashughulikia. Aliinuka kuondoka, na mimi nikamwonyesha figa lake.

"Hilo liache hapo," akasema. "Mie sasa nina mawili, na mawili hayainjiki chungu. Nitapika kwa mdogo wangu. Siku umeme ukiwaka kwetu, uniletee mwenyewe kwa mkono wako."

Angeweza kufinyanga jingine kwa siku chache. Hakufinyanga. Siku ile nilifunga ofisi mapema, na nyumbani sahani ikarudi jikoni kama ilivyokuja.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kibaya, na nakisema kwa sababu ninyi nanyi mtakifanya. Nilijaribu kulirekebisha bila mtu kujua. Niliandika dokezo la kwenda mkoani, zuri sana, nalikumbuka mpaka leo: katika zoezi la utambuzi wa makazi ilibainika kuwepo kwa changamoto za kitakwimu katika baadhi ya maeneo. Msimu ule jina langu lilikuwa limependekezwa kukaimu ukuu wa idara. Sikutaka jina hilo likae karatasi moja na kosa. Nikalipeleka dokezo mwenyewe Kibaha, nikalianzia kwa Mzee Kilindo.

Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Nani alikwenda huko Mkandaani?"

"Mimi, mzee."

"Peke yako?"

"Na nahodha."

"Basi nani aliyebaini? Humu ndani hamna mtu. Hii barua imejiandika yenyewe." Akaivua miwani. "Sikiliza, binti. Changamoto haina jina, kwa hiyo kila ofisi itaipokea na kuipeleka ofisi ya pili, ikamtafute mwenyewe huko. Nimeyaona majalada ya namna hiyo yakizunguka mpaka wahusika wakafa. Kosa lina jina. Ukiandika nilikosea, halina mahali pa kuzunguka, lazima mtu ajibu."

"Watanifukuza."

"Labda. Mimi nakwambia habari za majalada. Habari zako unazijua mwenyewe."

Nikakaa kwenye benchi la masijala, nikaandika upya kwa mkono, mistari michache. Kwamba nilikwenda Mkandaani wakati watu wako mpunga. Kwamba sikuchungulia majiko. Kwamba nimesababisha kitongoji kinyimwe umeme na papo hapo kinyimwe kuni. Kwamba kosa ni langu. Mzee Kilindo akagonga muhuri wa mapokezi kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, akaniambia nakala iende kwa watu wa misitu pia, kwa sababu wao ndio walioachwa kwenye jalada la orodha ya umeme.

Kikao kilikaa mkoani wiki mbili baadaye. Wizara ilimleta Injinia Masanja, kijana wa Kisukuma, mrefu, mtu wa hesabu, asiye na mzaha. Nilisoma dokezo langu nimesimama. Nilipofika kwenye neno nilikosea sauti ilinitoka nyembamba, nikalirudia. Kila mtu akatazama chupa yake ya maji.

"Mama," akasema Masanja, "orodha imefungwa. Vifaa vyote vina mahali pake. Siwezi kuutoa mtambo wa watu wengine nikakupa wewe."

"Najua."

"Sasa unaomba nini?"

Hapo ndipo nilipojua kazi yangu, nikiwa nimebakiza miaka michache ya kuifanya. Nikatoa zile barua mbili, nikazilaza pamoja mezani mbele yake na mbele ya afisa wa misitu. Nikasema siombi mtambo leo. Naomba barua hizi mbili zifungwe pamoja. Mahali umeme haujawaka, marufuku ya kuni isianze. Mkandaani waruhusiwe kukata kuni kiasi cha kuchemshia kamba tu, chini ya usimamizi, mpaka siku taa itakapowaka.

Afisa wa misitu alikuna kidevu. Akasema yeye aliambiwa kata yote inapata umeme. Angejua, asingeandika hivyo. Kweli kabisa, nani angemwambia? Ilikuwa nimwambie mimi.

Lakini Masanja alikuwa anawaza jingine. Akawageukia maafisa wenzangu waliohesabu vitongoji vingine vya delta, akauliza, "Nyie wengine mlihesabu mwezi gani?" Wakataja. Ulikuwa mwezi ule ule, kila mtu alikimbizwa na tarehe ile ile. "Nani alichungulia majiko?" Hakuna mkono uliopanda. Akafunga daftari lake, akaniambia tutakwenda wote Mkandaani, akaone hayo mafiga.

Nilimuuliza Bakari tarehe. Tulikwenda siku ya maji mafu, saa nne asubuhi kama barua zinavyopenda, na boti haikugusa tope. Masanja ndiye aliyeligusa. Alipokuwa anashuka alikataa mkono wa Bakari, akaruka kama anavuka mfereji wa Dodoma, akazama mpaka magotini. Kiatu kimoja mpaka leo kiko Mkandaani. Bi Somoe alimletea maji ya kunawa na kandambili za marehemu mumewe, hakucheka mpaka mgeni alipogeuka.

Kisha akamzungusha jiko kwa jiko. Mhandisi yule mrefu alikuwa anakunja mgongo mara mbili kuingia, anatoka ana masizi kichwani, anaandika. Mafiga matatu. Matatu. Hapa hamna kitu, nyumba imehamwa, amekwenda kuolewa Ikwiriri. Matatu. Kitongoji kilikuwa kimejaa watu wakati huo, angeweza kuwahesabu watu wenyewe, lakini alitaka kuona kama hesabu ya mafiga inakubaliana na ya watu. Ikakubaliana. Jiko la Bi Somoe aliliingia la mwisho. Akatoka akasema, "Hapa yapo mawili."

"La tatu liko ofisini," Bi Somoe akasema, akinitazama mimi.

Marufuku ya kuni ikaahirishwa kwa Mkandaani. Ilichukua barua saba na simu ambazo sikuzihesabu, maana nilipiga simu kila barua ilipotoka na kila ilipofika. Vitongoji vyote vya delta vikahesabiwa upya, na Mkandaani na vingine kadhaa vikarudi kwenye orodha kwa sababu ya mafiga, watu ambao hawatajua kamwe kwamba walikuwa wameshafutwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, ya haki. Ukuu wa idara alikaimishwa mwenzangu. Iliniuma, sitawadanganya. Nilikaa siku kadhaa naitikia salamu kwa shingo upande.

Umeme wenyewe ulichelewa. Misimu miwili ya mpunga ilipita. Figa likakaa mezani kwangu, pembeni ya simu. Mfagiaji alilihamisha mara moja, nikamgombeza, nikamwomba radhi. Wageni walidhani ni pambo. Nilipochoka kufuatilia, nilipotaka kuandika kwamba suala linaendelea kushughulikiwa, nililiona limekaa hapo na weusi wake, nikawaza kwamba kuna mwanamke mtu mzima leo amebeba sufuria yake kwenda kuomba nafasi jikoni kwa mdogo wake. Nikashika simu.

Mtambo ulipofungwa nilikwenda na figa mapajani, nimelifunika kanga, Bakari akiniuliza kama limelipa nauli. Majokofu yalikuwa yamewashwa tangu asubuhi kwenye chumba cha kikundi. Wanawake walikuwa wanafungua na kufunga milango yake wapate ile baridi usoni, wanapigiana vigelegele. Bi Somoe alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Jiko lilikuwa limefagiwa. Mafiga mawili yalikuwa mahali pake, baridi, na mbele yake alama ya duara pale la tatu lilipokuwa. Nilichutama nikaliweka mwenyewe. Akalisogeza kidogo kwa kiganja mpaka likakaa anavyotaka.

"Umeme si umewaka, Bi Somoe?" nikamtania. "Figa la nini tena?"

"Umeme wa kamba. Wali wa mgeni unapikwa hapa. Siku mkileta wa kupikia wali, njoo tuzungumze."

Akavunja vijiti vya mnazi, akawasha, akapuliza. Moshi ukatuingia machoni sote wawili, na mimi machozi yangu hayakuwa ya moshi peke yake. Akabandika sufuria juu ya mafiga yake matatu, akaitikisa kuona kama imetulia. Ilikuwa imetulia. Kisha akanigeukia, akakinyooshea kidole kishikwambi kilichokuwa kwenye mkoba wangu.

"Haya," akasema. "Sasa andika. Nyumba ina mtu."